Maji ya Chupa ya Chai

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa, asifiwe na ninyi mliosimama! Mimi nimekaa. Nimekaa kwenye stuli yangu ya miguu mitatu nje ya jiko, hapa Ganako, na kuku wananipita miguuni. Mtu atasema, bibi, kukaa kwenye stuli nako ni ushuhuda? Ndiyo, ni ushuhuda! Kwa miaka miwili sikuweza kukaa. Nisomeni taratibu, mtaelewa.

Mimi naitwa Mama Bura. Shule niliacha darasa la pili, nikaenda kuchunga ndama. Herufi kubwa nazisoma, ndogo zinanikimbia kama siafu. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, na Rehema, mke wa mwanangu Bura, amenisahihishia. Maneno ni yangu. Nimezaa saba, wote wako hai, na wajukuu nilio nao nikiwapanga mstari wanatoka mlangoni mpaka bombani. Najivuna nao, sifichi. Mungu akinipa kitu kizuri nitakifunika na gunia?

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kuwa mzee wa kanisa katika mtaa wetu. Siku waliponichagua nilishona gauni jipya. Nilipewa kitabu cha ibada, nikakifunga kwenye kitambaa cheupe, nikawa nakibeba kwapani kila Jumapili ili watu wakione. Kukisoma sikukisoma. Nilikibeba tu.

Na niwaambie ukweli, ndugu zangu, uzee wangu ulikuwa wa sufuria. Wazee wenzangu wakiwa na kikao, wao wanakaa ndani na kuamua, mimi niko jikoni nachemsha chai. Nikimaliza naingia na chupa, namimina, natoka. Yaliyoamuliwa nayasikia kupitia ukuta wa mbao. Mkubwa wao alikuwa Mzee Margwe, mtu mrefu, mwenye kupenda tangawizi. Akishanywa husema, "Mama Bura, kanisa hili bila wewe lingekufa kiu." Na mimi nacheka, nafurahi! Sikuona kwamba nimepewa cheo na nikanyang'anywa kazi yake siku hiyohiyo. Au niseme vizuri: hakuna aliyeninyang'anya. Mimi mwenyewe sikuidai.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Rehema alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Asubuhi ile alikuwa anapalilia maharage, uchungu ukamshika shambani. Tulimbeba mpaka ndani. Bura akakimbilia gari, na ilikuwa siku ya mnada, kila chenye magurudumu kimekwenda Karatu. Kabla gari halijapatikana, mtoto akatoka. Mvulana. Mdogo kama kifaranga cha bata, anapumua kwa kuruka, pumzi moja, halafu hakuna, halafu nyingine.

Rehema aliinua kichwa akaniambia, "Mama, mbatize. Wewe ni mzee wa kanisa."

Nikachota maji kwenye kikombe cha bati. Ndugu zangu, nilikuwa na maji mkononi! Halafu woga ukanishika. Mikono hii imekata kuni, imezika, imekamua ng'ombe wakorofi, lakini siku ile niliiona kama ni ya mtu mwingine. Nikachukua simu nikampigia Mzee Margwe. Alikuwa mnadani, nikasikia mbuzi wanalia nyuma yake.

"Subiri, Mama Bura," akasema. "Hilo si la mikono ya kina mama. Nakuja sasa hivi."

Nikasubiri. Rehema ananiangalia, mimi naangalia mlango. Kikombe kilikuwa mkononi mpaka bati likapata joto la kiganja changu. Mtoto akaruka pumzi, akaruka nyingine, halafu hakurudi tena.

Mzee Margwe alifika mchana, ananuka nyama choma. Akavua kofia, akasema ni mapenzi ya Mungu. Tukamzika mtoto nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kina mama peke yetu, bila wimbo, kwa sababu tuliambiwa asiyebatizwa na asiye na jina haimbiwi. Na mimi mzee wa kanisa nilishika jembe nikanyamaza.

Rehema hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Alininyamazia tu. Tuliongea ya chumvi na ya kuni, basi. Kanisani hakukanyaga tena.

Halafu ikaja ile siku ya kitabu. Nilikuwa nimekaa nje kwenye stuli yangu, nachambua mbaazi. Rehema alikuja na kitabu changu cha ibada, amekifungua kitambaa. Amesoma mpaka kidato cha nne, herufi ndogo hazimtishi. Akafungua kule nyuma kabisa, akanisomea polepole kama anavyosomewa mtoto. Kitabu kilisema, kama mtoto yuko katika hatari na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Yeyote! Na kikaeleza namna ya kufanya, mistari mitatu tu. Akamaliza. Akakifunga kwenye kitambaa chake, kwa fundo lilelile ninalolifunga mimi. Akakiweka kwenye mapaja yangu, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Nilikuwa nimelibeba jibu kwapani kila Jumapili!

Niliinuka kwenye stuli ile, na ndugu zangu, sikuweza kukaa tena.

Msifikiri natia chumvi. Nikikaa, miguu inawasha, nasimama. Nilikula nikitembea, sahani mkononi, ugali nauacha kwenye dirisha la jirani. Nilipika nikizunguka jiko. Nililima shamba langu, likaisha, nikalima la jirani bila kuombwa, akanikuta kwenye mahindi yake akadhani ni nyani. Nilikwenda Karatu mjini kwa miguu kununua kiberiti, nikarudi, nikakumbuka kiberiti ninacho, nikaenda tena kununua sindano. Kanisani nilisimama mlangoni ibada nzima. Watu wakasema, tazama Mama Bura alivyo mnyenyekevu! Mnyenyekevu gani? Nilikuwa natafuta mahali pa kukimbilia.

Stuli nilimpa jirani. Sikutaka kuiona.

Akaja mhubiri mgeni na mkutano wake wa maombi. Wakanipeleka. Akasema nina pepo la kutangatanga. Akaniwekea mkono begani akanisukuma nikae, huku anapiga kelele, "Kaa! Nasema kaa!" Na mimi nikamsukuma. Alikaa yeye. Watu wakacheka, nikatoka nikaendelea kutembea. Niliomba njiani, nilifunga, nililia kwenye mashamba ya ngano ambako hakuna wa kuniona. Nilimuuliza Mungu swali moja tu: yule mtoto yuko wapi? Hakunijibu. Nikaongeza mwendo.

Na chai ya wazee niliendelea kupika! Mnaona ujinga wangu? Sikumwambia mtu lolote. Kila kikao, chupa, vikombe, tangawizi.

Masika ya mwaka wa pili yalikuwa mabaya. Mnajua udongo wetu mwekundu, ukinyeshewa unashika kiatu kama una deni nacho. Magari hayapandi. Siku ile wazee walikuwa na kikao, na mimi nilikuwa nimejaza chupa maji ya moto, sijatia majani bado. Mara Rehema akasimama mlangoni. Alikuwa anafanya kibarua cha kupalilia kahawa kwenye shamba kubwa kule chini. Matope yalimfika magotini.

"Mama, chukua maji."

"Maji gani?"

"Tabita, kibarua mwenzangu, amejifungua kambini. Hajatimiza miezi. Mtoto anapumua vilevile." Akaitazama chupa. "Mama, safari hii usinisubirishe."

Sikutafuta kikombe, sikutafuta gauni. Nilinyakua chupa ile ya chai nikateremka mbio. Bibi wa umri wangu! Nilianguka mara mbili, chupa nimeikumbatia kama mtoto.

Mzee Margwe alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa anangoja chai yake. Akaniona napita. "Mama Bura! Chai inakwenda wapi?" Nikazidi kuteremka. Akafungua mwavuli akanifuata. Anaifuata chai!

Tabita ni msichana wa Singida, alikuja kutafuta kibarua, hana mama wala shangazi huku. Tulimkuta kwenye chumba chake cha mabati, mtoto amemlaza kifuani, amefunikwa na khanga. Mtoto alikuwa anaruka pumzi. Ileile! Miguu yangu ikataka kutoka nje, nawaambia ukweli. Miaka miwili ya kutembea yote ilikuja ikasimama kwenye magoti yangu.

"Bibi, mbatize," Tabita akasema. "Nisaidie."

Nikafungua chupa, nikamimina maji kwenye kifuniko. Hapo Mzee Margwe akaingiza kichwa, mwavuli umemkwama mlangoni.

"Subiri, Mama Bura. Nampigia mchungaji."

Rehema aligeuka. Hakupaza sauti. "Mzee, mara ya kwanza tulisubiri."

Mzee wa watu hakubonyeza namba. Simu ikabaki mkononi mwake.

Nikapima maji kwa kiwiko, yalikuwa ya moto. Nikayapuliza. Hebu fikirini, mzee wa kanisa anapuliza maji ya ubatizo kama uji! Nikamuuliza Tabita jina. Akasema hajachagua, aliogopa kuchagua.

Halafu Rehema akasema, "Yoeli."

Jina hilo halikuwahi kutajwa nyumbani kwetu. Nikamtazama usoni, nikajua lilikuwa la nani. Alikuwa ameliweka miaka miwili bila kumwambia mtu, hata Bura. Akamtazama Tabita kama anayeomba ruhusa, na Tabita akaitikia kwa kichwa.

Nikamwagia maji kichwani mara tatu. "Yoeli, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Sauti yangu sikuitambua. Ilikuwa kubwa kuliko chumba. Na mtoto, labda kwa sababu maji bado yalikuwa na joto, alikunja uso akalia! Kilio kidogo, kibaya, kama cha paka. Sijawahi kusikia wimbo wa kwaya mzuri kama ule.

Tulimfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Gari halipandi, lakini trekta la shamba linapanda, basi wakapanda trekta kwenda hospitali, Rehema amesimama nyuma ameshika mwavuli wa Mzee Margwe. Nilipogeuka kuchukua chupa yangu, ilikuwa tupu. Nikadhani imemwagika.

Mtoto aliishi. Utukufu kwa Bwana! Aliishi!

Lakini msishangilie bado. Kikao kilichofuata, nikiwa jikoni, nilisikia kupitia ukuta sauti ya Mzee Margwe: "Chupa ile ni ya chai. Mimi naijua, inanuka tangawizi miaka yote. Mtoto yule amebatizwa kwa chai. Haihesabiki. Arudiwe." Na wengine wanaitikia, arudiwe, arudiwe.

Habari ilienea mpaka bombani. Wanawake wenzangu, tena wale niliowapokelea watoto wao! "Mama Bura, ukija kumbatiza wa kwangu, weka na maziwa." "Mama Bura, sukari vijiko vingapi?" Mtoto wakamwita Yoeli wa Chai. Tabita akaja analia, ananiuliza, "Bibi, mtoto wangu ni Mkristo au si Mkristo?" Na mimi nilishindwa kumwambia ndiyo, kwa sababu kwenye kizibo tangawizi ilikuwepo, na pua yangu iliinusa siku ile. Nikaanza kujiuliza mwenyewe. Yalikuwa maji? Au niliharibu tena? Nikatembea, ndugu zangu. Nilitembea zaidi ya mwanzo. Rehema naye alikuwa ananingoja aone nitasema nini, na safari hii nikisema si ubatizo, ni kwamba nimemzika Yoeli mara ya pili.

Barabara ilipokauka, mchungaji akaja. Anahudumia mitaa mingi, kwetu hufika kwa pikipiki, joho analifunga kwenye mfuko wa nailoni. Wazee walimweleza yao nje. Ibada ilipofika mahali pake, akamwita Tabita mbele na mtoto, halafu akasema, "Aliyembatiza mtoto huyu aje."

Nikatoka mlangoni nilikosimama. Njia ya katikati ya kanisa letu ni fupi, lakini siku ile ilikuwa ndefu kuliko ile barabara ya vumbi ya kwenda Wasso. Rehema alikuwepo! Amekaa benchi la nyuma, mara ya kwanza tangu msiba wetu.

Mchungaji alifungua kitabu chake, kilekile kama changu, kule nyuma. Akauliza, "Ni nani aliyembatiza mtoto huyu?"

"Mimi. Mama Bura. Mzee wa kanisa."

"Ulimbatiza kwa jina la nani?"

Nikasema, neno kwa neno.

"Ulimbatiza kwa kitu gani?"

Nikasikia njiwa kwenye bati. Ningeweza kusema maji, nikanyamaza, ikaisha. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba vitu kwapani. Nikasema, "Kwa maji, Mchungaji. Yalikuwa kwenye chupa ya chai. Majani sikuwa nimetia. Lakini yalinuka tangawizi."

Watu wakacheka. Mchungaji hakucheka. Akasema, "Hapa mimi nabatiza kwa maji ya lile tangi la chuma. Yananuka kutu. Mbona hamjawahi kuniuliza?" Kicheko kikafa. "Ninachotaka kujua ni kama yalikuwa maji. Kuna shahidi?"

Rehema akanyoosha mkono. Lakini kabla hajasimama, benchi la wazee likalia, na aliyesimama ni Mzee Margwe. Nikasema moyoni, basi, kwisha.

Alisimama muda mrefu anageuza kofia. "Mimi nilikuwepo," akasema. "Mtoto alipolia, mwili wangu ulianza kutetemeka. Nikaona chupa, nikamimina yaliyobaki, nikanywa." Akamtazama mchungaji. "Yalikuwa maji. Hata sukari hayakuwa nayo. Nilisema chai kwa sababu nilimwonea aibu huyu mama. Siku ya mnada mimi ndiye niliyemwambia asubiri."

Akakaa, akafunika uso kwa kofia.

Mchungaji akafunga kitabu. Akasema mtoto Yoeli amebatizwa sawasawa, harudiwi, na mtu asimwite jina lingine. Rehema akatoka benchi la nyuma, mbele ya watu wote, akanishika mkono huu uliobatiza. Akasema, "Aayo." Ni mama kwa Kiiraqw chetu. Hakuwa ameniita hivyo tangu tulipozika.

Baada ya ibada nikamwomba mchungaji aje nyumbani. Nikamweleza yote, kikombe, simu, kitabu, kutembea. Nikamuuliza swali langu: yule wa kwanza yuko wapi? Mchungaji akasema, "Mama Bura, wewe uliikunja mikono yako, na hilo ni kosa la kutubu. Lakini Mungu hakukunja ya kwake. Kitabu hakimfungi Mungu. Mtoto yuko naye."

Tulikwenda kwenye migomba. Mchungaji, Bura, Rehema, Tabita na mtoto wake, na Mzee Margwe nyuma. Kila mtu akadhani mchungaji ataongoza. Rehema akasema, "Aongoze Mama." Mchungaji akanipisha. Nikasimama kichwani pa kaburi lile dogo, nikataja jina, Yoeli, mwana wa Bura na Rehema. Tukaimba. Tuliimba ule wimbo tuliomnyima. Nilitubu kwa sauti, wakasikia wote, na Rehema akasema amina.

Na wimbo ulipoisha, ndugu zangu, miguu ikanyamaza. Nikakaa. Pale pale chini, kwenye majani makavu ya migomba, na gauni langu la kanisani. Wakanitazama. Bura akasema, "Mama, utachafuka." Nikamwambia, niache, mwanangu, nimekaa.

Jirani alinirudishia stuli yangu siku ileile, aliileta mwenyewe kichwani.

Sasa kikao cha wazee na mimi nimo ndani. Chai wanachemsha kwa zamu, na zamu ya Mzee Margwe chai ni mbaya, lakini tunainywa. Rehema naye wamemchagua. Yeye anasoma herufi ndogo, mimi nasema kwa sauti. Tumezunguka mitaa ya jirani, na mwezi uliopita tulipanda basi mpaka Wasso, safari ya kutwa nzima ya vumbi, tukawafundisha kina mama ile mistari mitatu mpaka wakaijua bila kitabu. Chupa yangu niliibeba, waione.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye woga wangu mwenyewe. Namshukuru kwa Yoeli wa Tabita anayekimbiza kuku zangu wakati naandika haya, na kwa Yoeli mwingine aliye mikononi mwake. Na wewe dada yangu, mama yangu, uliyepewa cheo kanisani ukakifunga kwenye kitambaa: kifungue leo. Kama huwezi kusoma, mwite anayeweza, usione haya, akusomee mpaka kurasa za nyuma. Mtumaini Yesu, na uitumaini na mikono aliyokupa. Kuna mtu amelala mahali anakuangalia, na maji tayari unayo. Usiangalie mlango.